Kibao cha Mnoa Visu

Mnoa visu mwenye adabu hamrudishii mteja kisu mkononi kama hamjui. Hukiweka juu ya kigoda, mpini ukimwelekea mwenyewe, kisha huondoa mkono wake na kutazama pembeni mpaka kichukuliwe. Anayemjua na kumwamini ndiye humpa mkono kwa mkono, mpini mbele, makali yakiwa yamelala kwenye kiganja chake yeye mnoaji. Ni kama kumwambia mtu, ukitaka kuvuta kwa nguvu unikate, nafasi hiyo nimekupa. Siku hizi adabu hiyo haijulikani. Watu hurushiana visu kama warushianavyo maganda ya karanga. Lakini Mzee Makali aliishika, kama alivyokishika kila alichoachiwa na baba yake: gurudumu la kunolea, kigoda cha miguu mitatu, na pembe ya lango la chini la soko.

Pembe yenyewe ukiiona utasema si kitu. Kipande cha bati juu, ukuta nyuma, bomba la maji upande wa kulia, na mbele yake safu ya mabucha. Jua la asubuhi huingia hapo kwa ubavu, chini kwa chini, likagonga makali ya kisu na kuonyesha kila pengo. Maji ya kulowesha kinoo yako hatua chache. Wenye visu wako usoni. Baba yake alikuwa mtu wa kuzunguka mitaani na gurudumu begani, akiita kwa sauti, mpaka wauza nyama wa enzi hizo walipochoka kumsubiri. Wakamwita, wakasimama wote hapo langoni, mkubwa wao akakanyaga chini kwa kisigino na kusema, "Utakaa hapa." Hapakuwa na karatasi wala mhuri. Kisigino cha mtu mzima mbele ya watu kilitosha, na aliyekuja kusema vingine angeulizwa amelelewa na nani.

Wauza nyama hao wamekwisha, wa mwisho wao amezikwa na makoti yao meupe yamekuwa matambara. Aliyebaki usoni pa Mzee Makali ni Kiduchu, mtoto wa mmoja wao. Jina hilo alipewa kwa dhihaka, maana mtu huyo akisimama mlangoni mwa bucha lake huwezi kuona nyama. Yeye na Mzee Makali walikuwa chanda na pete. Kila asubuhi Kiduchu alivuka njia na visu vyake vimefungwa kwenye kitambaa, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanywa chai kutoka chupa ya Mzee Makali. Mikono yake ilikuwa siku zote na damu ya nyama, kwa hiyo hakusalimia kwa kiganja. Alimnyooshea mtu kifundo cha mkono, nawe unakishika hicho hicho, salamu imekwisha. Watoto wake walimwita Makali baba mkubwa.

Tunasema haya mapema ili ijulikane kwamba Mzee Makali hakuwa mtu wa kushuku kila mtu. Mke wake alisema alikuwa hivyo, alisema hata kivuli chake mwenyewe akikikuta mbele hukiuliza kinakwenda wapi. Lakini mke hutia chumvi. Alikuwepo mtu mmoja ambaye hakuwahi kumshuku.

Basi ikaja Taasisi.

Ilikuja kwa gari lenye alama ya chuo kikuu mlangoni, likasimama mahali ambapo wachukuzi hupumzishia mikokoteni. Wakashuka watu wenye kofia na mifuko. Mwenyekiti wa soko, mtu wa tabasamu la kukodi, akawatembeza. Ikaelezwa kwamba chuo kikuu kina taasisi inayosaidia vijiji na mitaa ya mjini kujipanga. Kijijini wanasaidia visima na njia za mazao, mjini wanasaidia masoko na mitaro. Soko letu linavuja, mitaro imeziba, panya wanatembea mchana kama wapangaji. Sasa litajengwa upya, na wenye soko ndio watakaosema kila mtu akae wapi.

"Nani amewaita?" Mzee Makali akamwuliza mwenyekiti.

"Sisi ndio tumewaita, mzee wangu."

"Sisi nani?"

"Sisi wa soko."

"Mimi ni wa soko. Sikuita mtu."

Mwenyekiti akacheka, akampiga begani, akapita. Mtu anayekujibu kwa kukupiga begani, alisema Mzee Makali, ameshakula upande mwingine.

Katika wageni hao alikuwemo binti mmoja mwembamba, mwepesi wa miguu, ambaye hakuachana na futi kamba yake. Alipima kila kitu: upana wa njia, kimo cha meza, umbali kutoka bomba hadi mtaro. Siku ya pili soko zima lilikuwa likimwita Binti Futi, naye akaitika. Alifika pembe ya lango la chini, akaamkia vizuri kwa kuinama, jambo ambalo Mzee Makali aliliona ni la kutilia shaka zaidi kuliko kama asingeamkia.

"Mzee wangu, naomba nipime hapa pako."

"Pana nini cha kupimwa? Mimi mwenyewe ndiye kipimo. Nikikaa pamejaa."

Akatabasamu, akapima hivyo hivyo, akaandika. Kisha akauliza, "Na kazi unapata ya kutosha siku hizi?"

Swali hilo lilimwingia Mzee Makali kama mchanga jichoni. Mtu haulizi hivyo bure. Ukitaka kumhamisha mzee mahali pake, kwanza unamwuliza kama panamlipa, ili akisema hapana umwambie basi utapata hasara gani ukiondoka. Akajibu kwamba anapata mpaka anakataa nyingine. Ilikuwa uongo. Tangu mvua zilizopita visu vilikuwa vimepungua. Hata Kiduchu, aliyekuwa akileta kitambaa kilichojaa, alikuwa sasa analeta viwili, vitatu, na kusema, "Biashara imelala, kaka. Watu hawali nyama, wanaisoma bei." Siku moja kimoja kati ya visu hivyo kilikuwa na rangi ya bluu iliyofifia karibu na ncha, rangi ambayo chuma huipata kikichomwa. "Kililala karibu na jiko," Kiduchu akasema. Mzee Makali akakinoa polepole, akakirudisha mpini mbele.

Jioni akamweleza mkewe habari za wageni. Mkewe alikuwa akikunja nguo kitandani.

"Baba watoto, pengine wanataka tu kujenga soko."

"Wanataka kujenga soko bila mimi."

"Wakijenga bila wewe watakata nyama kwa nini, kwa meno?"

"Wewe cheka. Hao ni panya. Wanauma na kupuliza. Utashtuka asubuhi kidole hakipo."

Baada ya muda Taasisi wakaleta kitu ambacho hakuna aliyekuwa amewahi kukiona. Kilikuwa meza kubwa ya mbao, na juu yake soko lote limetengenezwa kwa ukubwa wa kuchezea: kuta za karatasi ngumu, mitaro iliyochorwa kwa rangi, malango mawili, choo, banda la taka, bomba kama msumari. Na kwa kila mwenye biashara kulikuwa na kibao kidogo cha mti, ukubwa wa kiberiti, chenye picha ya kazi yake. Muuza nyanya ana nyanya, fundi viatu ana kiatu, Kiduchu ana paja la nyama, Mzee Makali ana kisu. Binti Futi akaeleza mbele ya watu, ukumbini mwa ofisi ya soko, kwamba meza hiyo itabaki hapo na mlango hautafungwa mchana kutwa. Kila mtu aje, afikiri, asogeze kibao chake mahali anapopataka. Aseme na jirani zake, wabishane, wapatane. Kanuni ni moja: usiguse kibao cha mwenzio. Watu wa Taasisi nao hawatagusa. Siku itakayotangazwa, vibao vitagundishwa kwa gundi, na ramani ya kweli itachorwa kutokana na hivyo.

Hapo ndipo soko lilipopata wazimu. Watu walisahau soko kubwa wakahamia soko dogo. Muuza mkaa, aliyekuwa nyuma kabisa tangu kuzaliwa kwake, aliingia asubuhi na kujiweka langoni. Mchana muuza ndizi akajiweka mbele ya muuza mkaa. Wauza mitumba watatu wakagombana mpaka wakashikana mashati kwa ajili ya kivuli cha paa la karatasi. Muuza nyanya, mama mwenye akili zake, alifanya kama tunavyofanya bombani maji yakikatika: akaweka kokoto kushika nafasi, akaenda zake kuuza. Alipokuta kokoto yake imesogezwa alilia kwa uchungu wa kweli, akauliza tangu lini watu wameanza kusogeza jiwe la foleni la mtu. Na kweli, tangu lini. Zamani ungeacha jiwe lako bombani ukaenda kuzika ukarudi, ukalikuta. Binti Futi aliitazama kokoto hiyo kwa furaha, akaichora kwenye karatasi zake, akasema ni jambo zuri sana. Uzuri wake hakuna aliyeuona.

Mzee Makali hakwenda. Alisema mtu mzima haendi kucheza na wanasesere. Pembe yake ilikanyagwa kwa kisigino, haihitaji kiberiti. Lakini mkewe alipita ofisini siku moja kutoka kununua sabuni, akatazama mezani, akarudi nyumbani na sura nyingine.

"Baba watoto. Kibao chako nimekiona."

"Kiko wapi? Langoni."

"Nyuma ya choo. Karibu na banda la taka."

Asubuhi yake alifunga gurudumu kwa mnyororo, akaenda. Ndivyo ilivyokuwa. Kisu chake kimekaa pale nyuma, peke yake, mahali ambapo hata katika soko la karatasi unahisi harufu. Na pembeni mwa lango la chini, mahali pake, patupu, pamepakwa rangi ya majivu. Akakichukua kwa vidole viwili, akakirudisha langoni, akasimama hapo akitazama kila aliyeingia. Kesho yake akaenda tena. Kibao kilikuwa nyuma ya choo.

Tangu hapo shaka ikawa kazi yake ya pili. Alimpeleleza Binti Futi jinsi paka anavyopeleleza kabati. Aliona kwamba anaingia ofisini kabla ya wote. Aliona kwamba dereva wa Taasisi aliegemea ukuta wa pembe yake akipiga picha kwa simu, na alipoulizwa anapiga nini alisema anapiga lango. Alikumbuka lile swali la kazi ya kutosha. Akaunganisha pia na kupungua kwa visu: bila shaka wamewaambia wauza nyama wasilete, ili aonekane hana kazi. Aliyapanga mambo hayo moja juu ya jingine kama matofali, na ukuta ukasimama wima bila ufa.

Ushahidi wote aliupeleka kwa Kiduchu, juu ya chai.

"Hao watu wa chuo, kaka," Kiduchu akasema, akiangalia ndani ya kikombe, "wana lao jambo."

"Ndivyo ninavyosema."

"Wasomi hawamwoni mtu kama wewe. Wao wanaona nafasi tu."

"Afadhali wewe unanielewa. Nyumbani nachekwa."

"Mimi nisipokuelewa nani atakuelewa?" Kiduchu akainuka, akamnyooshea kifundo cha mkono, akavuka njia.

Siku iliyofuata Mzee Makali aliingia ukumbini mbele ya watu wote, wachukuzi, wauza mitumba, mwenyekiti na tabasamu lake, akamsimamia Binti Futi pale alipokuwa amechuchumaa akipima mguu wa meza.

"Binti, mimi ni sawa na babu yako, sitakutukana. Nakuuliza tu. Kibao changu kina miguu?"

Binti akasimama. "Hapana, mzee."

"Mimi nakiweka langoni. Asubuhi kiko chooni. Anayekaa na meza hii ni nyinyi."

"Mzee wangu, sisi hatugusi kibao cha mtu. Ndiyo kanuni yetu."

"Kanuni mmetunga wenyewe, kuivunja pia mnajua wenyewe."

Wachukuzi wakaguna. Binti Futi akamtazama kwa mshangao, si mshangao wa mwizi, lakini Mzee Makali hakuwa siku hiyo na jicho la kutofautisha. "Lakini mzee," akasema taratibu, "mimi nilidhani wewe mwenyewe..." Mwenyekiti akaingilia hapo hapo, akampiga Mzee Makali begani, akasema mambo haya yataisha kwa amani, watu warudi kazini. Neno la binti likabaki hewani nusu yake, na hakuna aliyeliokota.

Siku ya kugundisha ikatangazwa. Jioni ya kuamkia siku hiyo, wakati wafanyabiashara wanashusha mapazia ya magunia, Mzee Makali alikomba chini ya gurudumu lake tope la kinoo. Ni uji mweusi, wa chuma kilicholiwa na jiwe na kuchanganyika na mafuta. Ukiingia chini ya kucha hautoki kwa sabuni wala kwa mchanga, unatoka kwa kukua kwa kucha. Akaufunga kwenye kipande cha mfuko. Mkewe alikuwa amekuja wabebe pamoja vitu vya nyumbani, akaona.

"Hiyo ya nini?"

"Nampaka mwizi."

"Utajikamata mwenyewe. Mikono yako mieusi tangu siku uliyonioa."

"Mimi najijua sikujiiba."

Akaenda ofisini, akakirudisha kibao chake langoni kwa mara ya mwisho, na chini yake na ubavuni akakipaka uji ule, kidogo tu, penye kivuli cha ukuta wa karatasi. Kisha akaenda nyumbani, akala vizuri, akamwambia mkewe kwamba kesho chuo kikuu kitanawa mikono mbele ya watu na haitatakata.

Kulipokucha ukumbi ulijaa. Taasisi walileta birika kubwa za chai na mikate, na beseni la kunawia mlangoni. Kila aliyeingia alinawa. Mzee Makali alipita kwanza mezani. Kibao kilikuwa nyuma ya choo, na pale langoni, kwenye rangi ya majivu, palikuwa na alama nyeusi ya kidole, nene. Moyo wake ulichangamka kama wa mtu aliyesikia mtego umelia.

Alimwendea Binti Futi, akamnyooshea mkono. Binti akampa wake kwa heshima, wa kulia ukiwa umeshikwa na wa kushoto. Mzee Makali hakuuachia. Akaugeuza, akafungua kiganja, akakagua kucha moja moja kama anakagua makali. Safi. Wino kidogo wa bluu, basi.

"Kuna nini, mzee?"

"Hakuna."

Akamwendea dereva, akakagua. Safi. Wale wengine wenye kofia, safi. Mwenyekiti alidhani anapewa mkono wa pongezi, akauchezesha kwa furaha. Nao safi. Mzee Makali akasimama katikati ya ukumbi, na ule ukuta wake wa matofali ukaanza kutoa vumbi. Hapakuwa na mwingine wa Taasisi.

Ndipo alipomwona Kiduchu. Alikuwa ameketi kwenye kona, mwili wote umekunjwa kwenye benchi dogo, amevaa koti zuri la kutokea. Alikuwa akinywa chai. Kikombe alikishika kwa mkono wa kushoto. Mtu mzima, mbele ya watu, anakula mkate na kunywa chai kwa kushoto, na wa kulia ameuzika mfukoni mwa koti kana kwamba una baridi peke yake. Kwa miaka yote waliyokunywa chai pamoja Mzee Makali hakuwahi kumwona akishika kikombe hivyo hata siku moja.

Hakwenda upesi. Kwanza alikumbuka kisu chenye rangi ya bluu nchani. Jiko halichomi ncha peke yake. Kinachochoma ncha ni jiwe linalozunguka kwa umeme, kasi, bila maji, mkononi mwa mtu asiyejua. Alikuwa amelijua jambo hilo siku ile ile, akalinoa likatoka, akamrudishia mwenyewe.

Binti Futi alikuwa amefungua kopo la gundi. "Tunaanza na lango la chini," akasema. "Kila mtu aseme kibao chake kiko sawa, halafu tunagundisha. Mzee mnoaji. Kibao chako kiko sawa hapo kilipo?"

Watu wote wakamtazama. Mzee Makali alivuka ukumbi mpaka kwenye benchi.

"Kaka," akasema. "Nipe mkono."

Kiduchu akaweka kikombe chini. Akatoa mkono wa kulia nusu tu mfukoni, akanyoosha kifundo, kama kawaida yake.

"Hicho ni cha bucha. Leo umenawa. Nipe mkono."

Mkono ukatoka polepole, mkubwa, umesuguliwa mpaka umekuwa mwekundu, na kidole gumba na cha shahada vikiwa vyeusi mpaka ndani ya kucha. Muuza nyanya akasema "Ee" kwa sauti ndogo, kisha akajifunika mdomo.

"Lakini mzee," Binti Futi akasema kutoka mezani, na sauti yake ilikuwa imechanganyikiwa kweli, "si wewe uliyemtuma? Aliniambia umemtuma. Alisema kifua chako hakitaki tena vumbi la lango, unataka mahali pa kupumzika, ila unaona haya kusema."

"Ukamwamini."

"Kila niliyemwuliza aliniambia nyinyi ni ndugu."

"Hata mimi waliniambia hivyo."

Kiduchu alitazama chini. Alipoanza kusema alisema na sakafu. Wamenunua mashine, yeye na wauza nyama wenzake wawili. Ya umeme. Iko nyumbani kwake kwa sasa, na soko jipya litakuwa na umeme langoni. Pembe ile ndiyo iliyo karibu na mabucha yote. Mdogo wake hana kazi, angekaa hapo na mashine. Dakika moja kisu kimekwisha. "Dunia imekwenda, kaka," akasema. "Mimi sikuianzisha. Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo," akasema Mzee Makali. "Huo huo uliokuwa unanywea chai yangu."

Hakupaza sauti. Angepaza, watu wangepata la kufanya, wangewaamulia, wangesema mambo yaishe. Alivyosema kwa kawaida hivyo, kila mtu alibaki na mikono yake. Zamani, jambo kama hilo lingefika kwa wazee wa mabucha, na aliyesogeza mahali pa mwenzie angesimama langoni kutwa nzima bila kuuza, watu wakipita wakimtazama. Sasa wazee wa mabucha wako chini ya udongo, na mwenyekiti alikuwa akitafuta bega la kupiga.

Mzee Makali alirudi mezani. Akakinyanyua kibao kutoka nyuma ya choo, akakifuta kwa pindo la shati, akakiweka langoni, mkabala na lile paja la nyama.

"Hapa," akasema.

"Una hakika, mzee?" Binti Futi akauliza. Ilionekana anataka kusema jambo jingine, la kuomba radhi labda, na hajui linaanziaje. "Kuna nafasi nyingine nzuri. Karibu na fundi viatu pana mwanga."

"Binti, usianze kunihamisha wewe sasa, wakati nimeshakuondoa kwenye shaka."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kupumua. Binti akapaka gundi. Mzee Makali akakishikilia kibao kwa kidole gumba chake cheusi mpaka kikashika, kisha akakivuta kwa nguvu kuona kama gundi ni gundi au ni maji. Haikutoka. Hata hivyo alimwuliza dereva kama meza hiyo italala chuoni au hapa, na funguo atakaa nazo nani.

Taasisi waliondoka na meza yao. Walisema ramani itachorwa, fedha zitatafutwa, watarudi. Hadi tunapoandika haya gari lao limerudi mara kadhaa, Binti Futi akishuka kwanza na kwenda moja kwa moja lango la chini kumwamkia mzee, ingawa soko bado linavuja na panya bado wanatembea mchana. Mzee Makali humwitikia. Huangalia mikono yake kwanza, ndipo humwitikia.

Chai huleta ya mtu mmoja. Ile ndoo iliyopinduliwa ameigeuza, ameijaza maji ya kinoo.

Kiduchu alikaa muda bila kuvuka njia. Visu vyake vilinolewa nyumbani, kwa dakika moja, kama alivyosema. Lakini chuma kilichochomwa hakishiki makali, na muuza nyama hawezi kusukuma nyama kwa kifua kila siku huku wateja wanamwangalia. Asubuhi moja alikuja. Alisimama mbele ya pembe akaziba jua lote, ikabidi Mzee Makali aseme, "Sogea, sioni." Akasogea. Akatoa kisu kimoja, kile kikubwa cha mifupa, cha baba yake, kimeliwa na mashine mpaka kimepinda mdomo kama kikongwe.

"Kaka," akasema.

Mzee Makali alikipokea. Alikilowesha, akakanyaga gurudumu, akakinoa kwa subira ile ile ambayo angemnolea mtu yeyote, upande huu na upande ule, akikiinua kwenye jua na kukirudisha jiweni. Kilichukua muda mrefu. Kiduchu alisubiri wima, maana hapakuwa na cha kukalia. Kilipokuwa tayari, Mzee Makali alikipangusa kwa kitambaa, na Kiduchu akanyoosha mkono wa kulia, ambao kucha zake zilikuwa zimeanza kuota nyeupe kuanzia chini.

Mzee Makali alikiweka kisu juu ya kigoda, mpini ukimwelekea mteja. Akaondoa mkono wake, akatazama pembeni.